Shangazi hakuwa mgeni Hai Malakal

TULIMZIKA shangazi yangu katika wiki ile ya Machi 2024 ambayo Serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote nchini kwa sababu ya joto. Ilitangazwa kwamba joto lingeweza kufika nyuzi 45, na wazazi wakaambiwa watoto wasichezee nje. Ramadhani ilikuwa haijatimiza siku 10. Tulichimba kaburi tukiwa tumefunga, sepetu ikipita mkono hadi mkono, na aliyechimba kuliko sote alikuwa kijana Mnuer, Mkristo, ambaye mwenyewe hakuwa amefunga lakini alikataa kunywa maji mbele yetu.

Aliondoka akiwa na miaka 88 kwa hesabu ya ukoo wetu. Hesabu ya serikali haipo, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kabla ya mazishi kulikuwa na ugomvi, nami nilikuwa upande ulioshindwa. Jamaa zetu wa Arua walipiga simu tangu alfajiri wakisema mwili urudishwe nyumbani. Nikakubaliana nao. Nikaanza kutafuta gari la kupita Nimule na Elegu, hadi Gulu, Pakwach na Arua, safari ndefu katika joto lile, kwa kuwa njia fupi ya Yei na Kaya ilikuwa haiaminiki. Nilikuwa nikipatana na dereva bei pale uani, mara kikongwe mmoja wa Kibari, jirani yake wa zaidi ya miaka 30, akaninyang'anya simu mkononi. Akaniambia kwa Kiarabu cha Juba, taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto: "Ninyi mlikuja mkiondoka. Sisi tulikaa naye. Huyu ni maiti wetu."

Sikuwa na jibu, msomaji. Nitaeleza kwa nini.

Shangazi alizaliwa Bombo, Uganda, katika miaka ya 1930, mtoto wa askari wa King's African Rifles. Sisi ni Wanubi. Wasomaji wa Kibra, Bombo na Arua hawahitaji kuelezwa, lakini kwa wengine niseme kwa ufupi: babu zetu walikuwa askari wa Emin Pasha, gavana wa jimbo la Equatoria tangu 1878. Uasi wa Mahdi ulipomkatia njia ya kwenda Khartoum, Emin aliondoka na Stanley mwaka 1889. Askari wengi walibaki nyuma karibu na Ziwa Albert, hadi Lugard alipowachukua mwaka 1891 na kuwaingiza Uganda. Kutoka hapo wakawa jeshi la Mwingereza, na watoto wao wakawa watu wasio na kwao. Kenya, Wanubi wa Kibra walikaa zaidi ya miaka 100 kabla ya Rais Uhuru Kenyatta kuwakabidhi hati ya ekari 288 mwaka 2017.

Kituo kikuu cha Emin Pasha kiliitwa Lado, kando ya Nile, kaskazini kidogo ya Juba. Babu yake shangazi, yaani mzaa baba wa baba yangu, alichukuliwa huko akiwa mvulana, mpiga baragumu, na ukoo unasema alikuwa mtoto wa Kibari. Kwa hiyo shangazi alipokimbilia Juba alikuwa akirudi mahali ambapo babu yake aliondolewa. Lakini hakuna aliyemwita mrejeaji. Walimwita ajnabi, mgeni.

Alikimbia nini? Hapa sitaficha. Idi Amin alipoanguka Aprili 1979, Uganda nzima iliwatazama watu wa West Nile, na sisi Wanubi hasa, kana kwamba kila mmoja wetu alikuwa mlinzi wa gereza lake. Wako waliokuwa hivyo, nami nilikuwa na baba mdogo ambaye hadi leo sithubutu kuuliza alifanya nini Kampala. Lakini shangazi alikuwa mke wa fundi cherehani mjini Arua. Oktoba 1980 jeshi jipya lilipoingia West Nile kulipiza kisasi, halikuuliza nani alishona na nani aliua. Watu walimiminika kwa maelfu kuelekea Sudan na Zaire. Waliosubiri waone hali, baadhi yao walikutwa na mauti katika misheni ya Ombaci mnamo Juni 24, 1981.

Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nakumbuka kichwa cha cherehani kimefungwa kwa shuka, kikiwa mgongoni mwa mumewe kama mgonjwa. Nakumbuka shangazi akinivuta mkono kuelekea Kaya, na kila nilipolia kwamba nimechoka akaniambia, "Mwanangu, chagua mti ule, ukifika utalia." Tukifika ananionyesha mti mwingine.

Mumewe alifariki Yei, kwa homa. Shangazi aliuza cherehani, akapanda lori hadi Juba mwaka 1982. Aliingia mji ambao hakuwa na mtu anayemjua, akaenda soko la Konyo Konyo na kuuliza bei ya unga kwa Kinubi chake cha Bombo. Wanawake wa sokoni wakaangua kicheko, kisha wakanyamaza, maana walimwelewa kila neno. Kinubi na Kiarabu cha Juba ni ndugu wa tumbo moja, vyote vimetoka katika kambi za askari za karne ya 19. Mmoja akamwambia, "Wewe unaongea kama marehemu bibi yangu." Shangazi alipenda kusimulia hiyo. Alisema siku ile alipewa kilo ya unga kwa mkopo, na kwamba hakuna benki iliyowahi kumwamini kiasi kile.

Akapata chumba Hai Malakal. Kwa asiyeujua, huu ni mtaa wa zamani wa Juba, wenye makaburi ambayo yalijaa siku nyingi na ambamo watu wasio na pa kulala wamejisetiri kati ya mawe ya marehemu. Ni mtaa wa watu waliotoka kwingine, hata jina lake limetoka kwingine. Hapo, chini ya mwarobaini, shangazi akatandika viti vya kamba, jiko la makaa na birika la jabana. Kahawa yake ilikuwa na tangawizi nyingi mno kwa maoni yangu. Watu wa Juba waliipenda.

Nilikaa naye hadi 1986. Mwaka huo, vita vya Sudan vilipowafikia wakimbizi wa Uganda na Museveni akiwa ameshaingia Kampala, wengi wetu tulirudi West Nile. Baba alinifuata. Shangazi alitusindikiza hadi penye lori, akatupa mkate na chumvi, akakataa kupanda. Alikuwa tayari amechukua watoto wawili yatima wa jirani. "Nikiondoka nitawaacha na nani?" Sisi tulidhani atafuata baada ya miezi michache.

Barabara zikafungwa. Juba ikawa kisiwa. Waasi wa SPLA walizingira mji, na mwaka 1992, Juni na Julai, waliingia hadi ndani kabla ya kurudishwa nyuma. Baada ya hapo watu wengi wa Juba walikamatwa na wanajeshi wa serikali na hawakuonekana tena. Chakula kilitegemea ndege. Mabomu ya ardhini yalizunguka mji, na mtu aliyekwenda kutafuta kuni alijua kwamba anacheza kamari. Kwa miaka mingi hatukujua kama shangazi yu hai. Arua tulimsomea dua mara mbili, kama marehemu. Nilipomwambia hilo baadaye alicheka hadi akashika ubavu, kisha akauliza kama tulichinja mbuzi au kuku.

Nilimwona tena mwaka 2006. Mkataba wa Amani ulikuwa umetiwa saini Nairobi Januari 9, 2005, John Garang alikuwa amekufa Julai mwaka huohuo, na Juba ilikuwa inafumuka kama unga wenye hamira. Mimi nilikuwa mmoja wa wale walioingia na vitunguu, sabuni na bia ya kreti. Niliuliza pale Konyo Konyo habari za mama Mnubi wa kahawa. Mtoto mmoja akaniongoza moja kwa moja. Alikuwa palepale chini ya mwarobaini. Alinitazama kwa muda, akasema, "Umechelewa, kahawa imepoa."

Tangu hapo kila safari nililala kwake. Wafanyabiashara wengi wa Uganda, Kenya na Tanzania waliopita Juba miaka ile walikunywa kahawa yake bila kujua historia yake. Alikuwa mkalimani wetu. Askari akikukamata kwa kosa usilolielewa, unakimbilia kwake. Mwenye nyumba akipandisha kodi, unakimbilia kwake. Naye alitukemea vilevile. Alichukia sana tulipokaa pale tukisema kwa Kiswahili, tukidhani hatusikiki, kwamba "hawa watu" ni wavivu, hawajui biashara. Siku moja aliweka kikombe chini kwa kishindo, akamwambia kijana mmoja wa Nairobi: "Hawa watu unaowasema walikula majani ya porini miaka 10 na bado walinigawia. Wewe umeshinda njaa siku ngapi maishani mwako?" Kijana akalipa, akaondoka. Alirudi kesho yake na kilo mbili za sukari.

Nasema haya kwa sababu sisi wa mpakani tunapenda kulalamika kwamba Juba inatuchukia. Mwaka 2013 wageni walipigwa marufuku kuendesha bodaboda. Septemba 2014 ukatoka waraka wa kuwataka waajiri wawaondoe wageni makazini, ukageuzwa maneno baada ya siku chache. Tulikasirika, na tulikuwa na haki kiasi. Lakini mtazame aliyerudi. Amekaa Kakuma au Khartoum miaka 20, ana cheti chake, anaingia mji wa kwao na kukuta hoteli ni ya Mwethiopia au Mwiritrea, maji yanauzwa na Mkenya, nyanya ni za Mganda, na kiwanja cha baba yake kimejengwa na mtu mwenye bunduki. Nani asingeuma meno? Ubaya ni kwamba mwenye bunduki haguswi, na hasira humwangukia muuza nyanya.

Na mara nyingine humwangukia bibi wa kahawa. Baada ya uhuru wa Julai 9, 2011, shangazi alitaka kitambulisho. Sheria ya Uraia ya mwaka 2011 ni pana kuliko wengi wanavyojua. Inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa mzazi wake, au babu au bibi yake, au hata mzazi wa babu au bibi, upande wa kiume au wa kike, alizaliwa Sudan Kusini. Aliyekaa miaka 10 mfululizo anaweza kuomba kuandikishwa. Shangazi alikuwa na mlango wa babu na mlango wa makazi, yote miwili. Akavaa taubu yake nzuri, akaenda.

Kijana wa mezani, katika ofisi ambayo sitaitaja, alimwomba shahidi wa ukoo, mwanamume wa upande wa baba anayetambulika katika kabila lake. Shangazi akamwambia babu yake aliondoka Lado na Emin Pasha. Kijana akauliza huyo Emin anakaa mtaa gani. Simcheki. Amezaliwa kambini, nani angemfundisha? Akaambiwa aje bukra. Alikwenda bukra nyingi. Mara ya mwisho alikwenda na majirani 11, kikongwe wa Kibari akiwa mbele, wakasema wamekaa naye tangu kabla ya vita. Wakaambiwa ujirani si damu.

Nilimwuliza kwa nini asitafute cha Uganda basi, ambako ndugu wapo. Akasema kule watamwuliza alikuwa wapi tangu 1980.

Sasa nifike mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka. Julai 2016 vita vilizuka tena Juba, kuanzia tarehe 8, mbele ya ikulu, vikaenea hadi Gudele na Jebel. Siku nne tulilala sakafuni Hai Malakal, mimi, shangazi, na watoto ambao sikuwa na hakika ni wa nani. Risasi zikapoa. Ikasikika kwamba jeshi la Uganda linakuja na msafara wa magari kuwachukua raia wake. Lilifika kweli. Nilifunga mfuko wangu. Shangazi alikuwa na miaka 80. Nilimwambia twende, nikambembeleza, nikamfokea, Mungu anisamehe. Aliketi juu ya kigoda chake akichambua maharage. Akasema, "Mimi niliwahi kukimbia. Najua inakuwaje. Nenda wewe, una watoto."

Nikaenda. Nilifika Nimule nikiwa nimekalia gunia, na kila mti uliopita niliuchagua.

Katika miezi iliyofuata watu wa Yei walivuka kwenda Uganda. Agosti ile ilifunguliwa kambi ya Bidibidi, wilayani Yumbe, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 200,000. Watu wa Yumbe walikuwa ndio waliokimbilia Yei mwaka 1980. Nilikutana na mzee mmoja kule aliyempa mkimbizi shamba dogo bila kodi kwa sababu baba wa mkimbizi huyo aliwahi kumpa baba yake shamba. Shangazi, nilipompigia simu na kumsimulia, hakushangaa. Aliuliza tu kama udongo ni mzuri.

Alibaki na kahawa yake hadi macho yalipokataa. Pauni ilianguka, ikaanguka tena. Aprili 2023 Khartoum ikawaka moto, na mamia ya maelfu wakaanza kuingia kupitia Renk. Baadhi walifika Hai Malakal na mabegi mazuri na nyuso za watu wasioamini. Kwa kuwa walikuwa wamezaliwa Khartoum, Kiarabu chao kilikuwa cha huko, na watoto wa mtaa waliwacheka. Shangazi, kipofu karibu kabisa, aliagiza waletwe wakae karibu naye. Raia halali, wenye babu na damu na kila kitu, walifundishwa kuishi Juba na mwanamke ambaye Juba haikumwandika popote.

Basi ombi langu ni dogo. Wako wazee wengi kama yeye, Wanubi, Wakongo, Wadarfur, Waganda waliobaki, walioimeza vita yote wakiwa ndani ya Juba. Hawazidi kuongezeka. Ofisi ikubali ushahidi wa jirani, wa imamu, wa padri, wa mzee wa mtaa. Nchi iliyopoteza karatasi zake zote vitani haiwezi kuwadai wengine karatasi peke yake. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na viongozi wetu husafiri kwa mikutano kuzungumzia watu kuvuka mipaka kwa uhuru. Waanze na aliyevuka mwaka 1980 akakaa. Sitarajii litafanyika haraka. Hata hivyo nimelisema.

Tulipokwenda kuandikisha kifo, aliyeandika aliuliza uraia. Mimi nikasema Mganda. Kikongwe wa Kibari akasema, "Wa hapa." Mwandishi akatutazama, akaangalia saa, akaacha nafasi ile wazi.

Alizikwa Juba, kama mjuavyo. Niliachiwa mkebe wa majani ya chai ambao alikuwa ameuweka chini ya kitanda tangu nikiwa mtoto. Nilidhani kuna hati. Ndani mlikuwa na fedha: shilingi za Uganda zenye picha ya Amin, ambazo hazina thamani tangu 1979, pauni za Sudan za zamani, dinari zilizoanza mwaka 1992, pauni mpya zilizokuja baada ya mkataba, na chini kabisa pauni za 2011 zenye sura ya Garang, zikiwa bado zimenyooka. Kila mara nchi ilipobadilika, yeye aliweka kidogo.

Nilivuka Elegu nikiwa na mkebe huo kwenye mfuko. Afisa wa mpakani aliufungua, akazigeuza noti moja moja, akaniuliza hizi ni fedha za nchi gani. Nikasema ni za shangazi. Akauliza shangazi ni wa wapi. Nyuma yangu malori yalikuwa yamefika hadi kona, na mtu alikuwa anapiga honi.

"Hai Malakal," nikamwambia.

Akafunga mkebe, akanirudishia.